Raga na Mpaka: Historia Fupi ya RFUEA Ikisomwa Kutoka Same

Mwaka 1953 raga ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliwekwa chini ya chama kimoja. Kilipewa jina refu la Kiingereza, na hadi leo kinajulikana kwa herufi zake tu, RFUEA. Sisi na tukiite Chama cha Raga cha Afrika Mashariki. Kimekwisha kuvuka miaka 70. Kati ya nchi tatu zilizokuwa chini ya paa lake, mbili zimeshacheza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba. Ya tatu ni yetu.

Mtu wa Same ana haki ya kuuliza imekuwaje. Reli ya Tanga kwenda Moshi inapita hapa. Barabara ya kwenda Arusha, na kutoka huko hadi Nairobi, inapita hapa. Ukikata pori la Mkomazi unatokea Tsavo, na Tsavo ni Kenya. Tulikuwa njiani kabisa, na mchezo ukatupita.

Uliingia zamani. Mechi ya kwanza inayokumbukwa Nairobi ilichezwa mwaka 1909, maofisa wa serikali upande mmoja na walowezi upande wa pili. Mji wenyewe ulikuwa na miaka kumi tu, na makundi hayo mawili hayakupendana. Nadhani mengi waliyoshindwa kuambiana ofisini waliyamaliza uwanjani. Klabu ya Nondescripts ilianzishwa mwaka 1923. Kisha mabaharia wa manowari ya Kiingereza, HMS Enterprise, wakatoa kombe, na tangu 1930 Kombe la Enterprise linashindaniwa. Hakuna kombe la raga kongwe kuliko hilo Afrika Mashariki.

Chama kipya kilihitaji uwanja, nao ukapatikana Ngong Road. Septemba 1955 British Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, walitua Nairobi wakiwa njiani kurudi kwao kutoka Afrika Kusini, wakacheza hapo na Afrika Mashariki. Walishinda 39 kwa 12. Msomaji wa leo asizidharau hizo 12. Wakati ule trai, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mpinzani na kuugusisha chini, ilikuwa na pointi 3 tu; siku hizi ni 5. Lions walirudi 1962 na hawakuacha hata chembe: 50 kwa bila. Mei 1964 wakaja Wales, wakashinda 26 kwa 8. Kenya ilikuwa na miezi mitano ya uhuru. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na wiki mbili na siku chache tangu ziungane. Lakini jezi ya Afrika Mashariki bado ilikuwa ya Wazungu, kama ilivyokuwa 1955.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Chama kilikuwa na uwanja, kombe na wageni wakubwa, huku wenyeji wa nchi zote tatu wakitazama kutoka nje ya uzio, kama walitazama kabisa. Swali la kila nchi baada ya uhuru lilikuwa moja: Mzungu akiondoka, nani ataushika mpira?

Tanganyika ilianza na mkono mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wazungu wake walikuwa kama 20,000 katika nchi kubwa kuliko Kenya, ambako walizidi mara mbili ya hao. Tena hawakuwa Waingereza wote. Mashamba ya mkonge na kahawa ya Kaskazini yalikuwa na Wagiriki wengi, ndio walioanzisha shule ya Mtakatifu Constantine pale Arusha, na Mgiriki ukimpa mpira ataupiga kwa mguu. Raga ya wachezaji 15 inataka watu 30 na mwamuzi. Wilaya yenye bwana shauri mmoja, msaidizi wake na mameneja wachache wa mkonge haiwapati hao 30 hata ikikodi lori.

Same hasa ilikuwa na sababu nyingine. Shule za Upare hazikujengwa na Waingereza. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900, Waadventista wakapiga kambi Giti mwaka 1903, na wote hao walikuwa Wajerumani. Walileta vitabu, kengele, kwaya na dawa. Raga hawakuijua. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walizikuta shule zina desturi zake, na michezo iliyoingia baadaye ilikuwa soka na riadha. Boma la Same, kwa upande wake, lilikuwa mahali pa kodi. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani, wakaja kukaa hapa kupinga kodi ya mbiru. Sidhani kama kuna aliyefikiria kuwagawia jezi.

Na kuna ardhi. Uwanja wa raga unafika mita 100 kwa 70, bila kuhesabu eneo la kufungia trai. Usangi, Mbaga au Chome, kipande cha tambarare cha ukubwa huo ni mali ya shule au ya kanisa, la sivyo kina migomba. Tambarare iko huku chini, Same, Makanya, Hedaru, ila mvua zetu ni haba na udongo ukikauka ni kama sakafu. Katika soka mchezaji huanguka kwa bahati mbaya. Katika raga kuangushwa ni sehemu ya kazi, mara ishirini au thelathini kwa mechi, na anayekuangusha anakuja juu yako na kilo zake 90. Nairobi na Nakuru wana nyasi. Aliyewahi kuchunwa goti kwenye uwanja wa changarawe hahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo nyasi hazikuiokoa raga ya Kenya. Iliokolewa na shule. Prince of Wales na Duke of York zilikuwa shule za wavulana wa Kizungu. Watoto wa walowezi wa kaskazini ya Tanganyika nao walipelekwa Nairobi kusoma. Shule hizo zilipofunguliwa kwa Waafrika, zikabadili majina na kuwa Nairobi School na Lenana. Majina yalibadilika, ratiba ya michezo haikubadilika. Kijana aliyetoka Murang'a au Kakamega alikuta muhula wa raga umepangwa, mwalimu ana filimbi mdomoni, na bweni lake linataka watu. Hakuulizwa kama anaupenda mchezo. Baada ya miaka minne aliupenda.

Matunda yalionekana katika miaka ya 1970. Kenya ilipata chama chake mwaka 1970, na ligi yake kuu, Kenya Cup, ikaanza mwaka huohuo. RFUEA ikabaki mlezi na mwenye uwanja. Mwaka 1972 Ted Kabetu akawa Mwafrika wa kwanza kuichezea Harlequins, klabu iliyokuwa na makao yake palepale Ngong Road, wakamfuata kina Chris Onsotti, Jim Owino na John Muhato. Halafu ukaja mwaka 1977. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianzisha timu, wakaiita Mean Machine, wakaingia ligi kuu na kuitwaa Kenya Cup mwaka wao wa kwanza. Mwaka huohuo ikazaliwa Mwamba, klabu iliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, yenye jina la Kiswahili. Mechi za klabu za Wazungu dhidi ya vijana hao zilikuwa na joto la aina yake, na watu waliokuwa hawajawahi kulipa kiingilio cha raga wakaanza kujaa.

Sasa tazama upande wetu mwaka huohuo. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika kwa ugomvi wa ndege, reli na madeni, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Wapare wa rika fulani wanaikumbuka vizuri miaka hiyo: sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vilipenya usiku kutoka Taveta kwa vichwa na baiskeli. Ila timu ya watu 15 haipenyi porini na jezi zake. Arusha iko karibu zaidi na Nairobi kuliko ilivyo na Dar es Salaam, na raga yoyote iliyobaki kaskazini ilitegemea wageni kutoka ng'ambo ya mpaka. Azimio la Arusha na utaifishaji wa mashamba ya mkonge mwaka 1967 vilikuwa vimekwisha kuwapunguza wachezaji wa zamani. Kufungwa kwa mpaka kukawanyima wapya mtu wa kumwiga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati mbaya kubwa kuliko zote katika historia ya chama hiki: mwaka ambao Mwafrika wa Nairobi aliufanya mchezo kuwa wake ndio mwaka ambao jirani yake wa Tanzania alizuiwa kuuona.

Waganda walipita njia ngumu kuliko yetu, maana walipitia utawala wa Amin na vita, lakini walikuwa na shule zao na klabu zao Kampala, na wakaing'ang'ania. Mwaka 2007 walitwaa Kombe la Afrika wakiifunga Madagaska kwao Antananarivo, mji ambao raga ni mchezo wa mitaa ya maskini kama soka ilivyo Kariakoo. Kila mwaka wa kawaida wanagombea Kombe la Elgon na Wakenya, na maneno ya kabla ya mechi hiyo yanatosha gazeti zima. Jina la klabu yao ya Kyadondo dunia ililisikia kwa msiba, bomu la Julai 2010 lililowakuta watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia la soka.

Kilichoipeleka Kenya mbali zaidi kilibuniwa na muuza nyama. Mwaka 1883, katika mji mdogo wa Melrose huko Uskoti, Ned Haig alipendekeza klabu yake ichangishe fedha kwa mashindano ya siku moja, na kwa kuwa timu kamili zingechukua muda mrefu, wakapunguza watu hadi saba. Uwanja ni uleule, watu nusu, kila kipindi dakika saba. Nafasi ni kubwa, kwa hiyo mbio zinashinda uzito. Nairobi ilianzisha Safari Sevens mwaka 1996, na Wakenya wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 2009 kule Dubai, kisha tena Moscow mwaka 2013.

Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, Kenya ilikutana na Fiji katika fainali ya duru moja ya mfululizo wa dunia wa raga ya saba. Fiji ndio waliokuwa mabingwa wa mfululizo huo msimu uliotangulia, na miezi minne baadaye wangechukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Kenya ilishinda 30 kwa 7. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, Mkenya aliyekulia katika mchezo huo, ambaye tulimpoteza mwaka 2021. Mwezi uliofuata, London, Collins Injera alivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina na kuwa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya mfululizo huo, ingawa baadaye Mwingereza Dan Norton alimpita. Mabaharia wa Enterprise wasingeamini.

Tanzania ina chama chake cha raga, na huku Kaskazini jina linalojulikana ni Arusha Rhinos. Kazi inafanyika, ila inafanywa na wachache, na chini ya kivuli cha Simba na Yanga kila mchezo mwingine hukua polepole. Kikwazo ninachokiona ni kilekile cha zamani: shule. Kijana wa Same anayetaka kufika mkoani na taifani kwa michezo anapitia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na UMISSETA imejengwa juu ya soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha. Kenya haikuwavuta watoto kwa matangazo. Iliwapangia muhula.

Vipaji visituhangaishe. Vijana wanaobeba magunia ya tangawizi Mamba Myamba, wakipanda na kushuka vilima vile, tayari wana mabega ya skramu, pale wanaume wanane kila upande wanapoinama, kushikana na kusukumana mpira ukiwa miguuni mwao. Shaka yangu iko penginepo. Katika raga ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi, wengine wote wanyamaze, na Mpare, ambaye majirani humtania kwamba atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, atapata tabu sana na kanuni hiyo.

Lipo jambo moja la dhati ambalo waandaaji wa Nairobi hawajawahi kulazimika kulifikiria. Raga ni mchezo wa Jumamosi mchana, tangu enzi za walowezi. Upare wa kusini, kuanzia Mamba hadi Suji na Kihurio, una Waadventista wengi, na Jumamosi yao ni Sabato. Si kwamba imani na raga haviwezi kukaa pamoja: Michael Jones wa New Zealand, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake, hakucheza Jumapili kwa sababu ya dini, akakosa nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1991, na bado kocha alimhitaji. Lakini huyo ni mtu mmoja ndani ya kikosi. Huku unaweza kukosa mstari mzima wa mbele. Chama cha raga cha Tanzania kikitaka kuanzisha timu za saba katika sekondari za Same, kichague shule mbili au tatu za tambarare, kimwage udongo laini kabla ya kununua jezi, na mechi zianze Jumapili saa nane mchana, Walutheri wakishatoka kanisani.