Mita Ngapi Toka Ekrani? Historia Fupi ya Kukaa Mbele ya Picha mu Kisangani



Wengi wetu tukishapata mshahara wa kwanza, kitu cha kwanza tunanunua ni tele. Na siku hizi si tele ndogo tena: inchi 55, wengine 65, wengine 75. Kisha maneno yanaanza: tukae mbali kiasi gani? Mmoja anasema ukikaa karibu utaharibu macho. Mwingine anasema ukikaa mbali umetupa pesa. Mimi nilisoma historia, si uhandisi, lakini swali hili njo la historia pia. Mu mji huu, fasi ya kukaa mbele ya picha haikuamuliwa na macho ya mtu. Kwanza iliamuliwa na sheria, kisha ikaamuliwa na mfuko. Sisi njo tunaanza kuichagua wenyewe, na ninaona tunaichagua vibaya.

Wakati wa sheria

Tuanze wakati mji ulikuwa unaitwa Stanleyville. Serikali ya Wabelgiji iliogopa sinema sana. Mwaka 1936, gavana mkuu akiwa Pierre Ryckmans, ilitoka sheria kwamba mtu asipige filamu mu Kongo bila ruhusa ya serikali. Mwaka 1945 ikafuata nyingine: milango ya sinema, ya watu wote ao ya binafsi, ilifunguliwa kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia. Mwafrika aliruhusiwa kuona paka filamu zile zilizochunguzwa na kukubaliwa kwa ajili yake.

Basi ekrani ya Mwafrika ilikuwa nje, mu cité: kitambaa cheupe kati ya miti miwili, mashine inaletwa na gari la huduma ya habari ao na padri, na mtu mmoja anasimama kueleza picha mu lugha ya watu. Mapadri walitengeneza hata filamu zao wenyewe. Albert Van Haelst alifanya vichekesho vya Matamata na Pilipili kule Kasai. Alexandre Van den Heuvel alichora hadithi za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili.

Mwaka 1952, L. Van Bever, mutu wa sinema mu huduma ya habari ya koloni, alitoa kitabu kizima juu ya sinema kwa Waafrika. Wazo lililotawala wakati ule lilikuwa kwamba Mwafrika anapotea kama picha zinabadilika haraka, kwa hiyo apewe filamu nyepesi, za polepole, kamera isitikisike. Waingereza walisema vilevile: William Sellers aliyafundisha kule Nigeria, na jaribio la filamu la Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, lilianzia kwenye swali hilohilo la nini Mwafrika anaweza kuelewa. Hakuna aliyeuliza kwanza mtu huyo amekaa wapi, na kama anaona.

Tuulize sisi. Chukua kamba mbili toka jicho lako, moja iende pembe ya kushoto ya picha, nyingine pembe ya kuume. Uwazi kati ya kamba hizo njo pembe ya kuona, na inapimwa kwa digrii. Kama kitambaa kina upana wa mita 3 na wewe uko mita 30 nyuma ya watu, pembe yako haifiki digrii 6. Ukikosa kukaa mbele, unaweza kwenda upande wa pili wa kitambaa: mwanga unapita, picha unaiona, lakini maandishi yote yamegeuka. Mtu wa namna hiyo akisema hakuelewa filamu, shida si akili yake.

Na filamu zenyewe zilikuwa zinapigwa hapa kwetu! Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga *The African Queen* mu mto Ruiki, upande wa Ponthierville, leo Ubundu. Sheria ya 1945 ilikuwa na miaka 6 tu. Mwaka 1958 Fred Zinnemann akamleta Audrey Hepburn Stanleyville kwa *The Nun's Story*. Mto wetu, msitu wetu na sura za watu wetu zikaenda kuonekana mu ekrani kubwa za dunia. Huku nyumbani, nani akae mbele ya ekrani ya namna gani, hiyo ilikuwa mambo ya serikali.

Wakati wa wahandisi

Mu miaka ileile, kule Marekani watu walikuwa wanapima. Tele zilikuwa zimeingia nyumbani, sinema zikaanza kupoteza watu, na dawa yao ilikuwa kupanua picha. Mwaka 1952 ikatoka Cinerama, mashine 3 zikirusha picha moja juu ya ekrani iliyopindwa, pembe ya digrii 146. Mwaka 1953 ikafuata CinemaScope na filamu *The Robe*. Maana yake: picha isiwe dirisha la mbali, ikuzunguke.

Wajapani wakaenda zaidi. Kisha michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, watafiti wa NHK walianza kutafuta tele ya kesho. Waliona kwamba picha ikifika kama digrii 30 ya upana, mtu anaanza kusikia kama yuko ndani yake. Hiyo inatokea ukikaa mbali mara 3 ya kimo cha picha. Kwa hiyo wakahitaji mistari mingi zaidi, juu tele ya mistari 625, ile tuliitumia na sisi, inakudai ukae mbali mara 6 hivi ya kimo chake kusudi usione mistari. Toka utafiti ule njo imezaliwa tele ya HD. Chama cha wahandisi wa sinema cha Marekani, SMPTE, kilichoanza 1916, nacho kinashika digrii 30; na THX, iliyoanzishwa 1983 kwa George Lucas, inapendekeza kama digrii 40 kwa nyumbani.

Wakati wa mfuko

Kwetu, uhuru ulifungua milango, lakini pesa ikaanza kuifunga. Televisheni ya taifa ilianza 1966, mwaka uleule Stanleyville ikageuka Kisangani. Zairianisation ya 1973 ilitikisa biashara zote, na kisha hapo majumba ya sinema ya nchi yalifungwa moja moja. Mengine yakawa makanisa, mengine depo.

Fasi yake ikashikwa na nyumba ya video. Kizazi chetu kinaijua: mabenchi ya mbao, pazia mlangoni, grupu inanguruma nyuma, tele ya inchi 21 juu ya kabati, na filamu ya karate ao ya Nigeria. Tele ile picha yake ina upana wa sentimita 43 hivi na kimo cha 32. Fasi yake nzuri ilikuwa kama mita 1 na sentimita 90. Ni nani aliyekaa pale? Benchi moja, ya wale waliofika mapema. Yule wa mita 6 alikuwa na digrii 4. Ndiyo, digrii 4, chini ya babu yetu mbele ya kitambaa cha padri. Sheria ya kumfukuza hakuna, lakini umbali ulibaki ule.

Leo kila mutu ana telefone. Hapa hesabu inashangaza. Telefone ya inchi 6 na nusu, ukiishika sentimita 30 toka usoni, inakupa kati ya digrii 23 na 28. Kwa digrii peke yake, mwanafunzi anayelala mu chumba chake Makiso na telefone mkononi ameshinda kila mutu wa nyumba ya video. Lakini watu wa benchi la nyuma walicheka pamoja, wakaulizana, wakagombana juu ya filamu hadi kesho yake. Pembe ya kuona inapima jicho, haipimi jirani.

Basi tukae wapi?

Kwa wale wananunua tele, shikeni hesabu hii. Zidisha urefu wa pembe kwa pembe wa ekrani kwa 1.6, utapata umbali wa digrii 30. Zidisha kwa 1.2, utapata digrii 40. Tele ya inchi 55 ina sentimita 140: kaa kati ya mita 1.70 na 2.25. Ya inchi 75 ina sentimita 190: kaa kati ya mita 2.30 na 3.10.

Sasa angalia saluni zetu. Makochi yote yamebanwa ukutani, tele iko ukuta wa mbele, katikati kuna meza na mapambo. Umbali ni mita 3 na nusu. Pale, inchi 55 yako inakupa digrii 20. Na kama uliongeza dola juu ya 4K, ujue kwamba kwa tele hiyo jicho zima linaacha kutofautisha nukta za HD ya kawaida toka mita 2.20 hivi. Mu kochi lako la ukutani unalipia kitu macho yako hayakioni. Kabla ya kununua tele kubwa, sukuma kochi mbele; ni bure.

Kitu kingine ni kimo. Watu wanatundika tele karibu na plafo kama picha ya mkubwa wa nchi. Katikati ya picha iwe karibu sawa na macho ya mtu aliyekaa, kama mita 1 ao kupita kidogo. Shingo yako itakushukuru.

Lakini swali langu kubwa ni hili: mu ekrani hiyo utaangalia nini? Dieudo Hamadi alizaliwa hapa Kisangani 1984. Mu *Examen d'État*, ya 2014, alifuata vijana wa mji huu waliokosa pesa ya masomo na kujipanga wenyewe kutayarisha mtihani wa serikali. Mu *En route pour le milliard*, ya 2020, alifuata wahanga wa vita ya siku 6, ile ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji wetu. Wanashuka mto hadi Kinshasa, wengine na miguu ya bandia, kudai haki. Filamu ile iliingia mu uchaguzi rasmi wa Cannes. Wangapi kati yetu tumeiona? Na kati ya walioiona, wangapi waliiona kwa pamoja, na ekrani yenye kutosha kuonyesha uso wa mutu mzima?

Mwaka 1951 mto wetu ulienda mu ekrani za wengine. Leo mtoto wa hapa ameupiga mwenyewe, na sisi tunamwangalia mu vipande vya dakika 2, mutu peke yake, mégas zikiisha njiani.

Kwa hiyo, kwa comité: pesa ile tunabishana kununulia tele ya inchi 75 kwa ofisi ya chama, napendelea inunue mashine ya kurusha picha, hata ya mitumba, na kitambaa cheupe cha mita 2.40 ya upana. Safu ya kwanza mita 3, pale kuna karibu digrii 44. Safu ya mwisho mita 7, pale kuna karibu 20. Hakuna wa kukaa na digrii 4. SNEL ikikata, grupu ndogo inatosha. Viti visiwe na majina: mwalimu, mwanafunzi, mama wa soko, atakayefika kwanza akae pale anapenda. Na filamu ya kwanza iwe *Examen d'État*, kabla ya mitihani kuanza, na wanafunzi wa sekondari waingie bila kulipa.