Rispa wa Uhuru Park



Ukipanda matatu Kawangware kuelekea mjini, utapita Kanisa Kuu la All Saints, na ng'ambo ya barabara ni Uhuru Park. Tunapita hapo kila siku tukiwa tumeinamia simu. Leo inua macho.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa waliketi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Walikataa kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa virungu na vitoza machozi. Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya askari kwa uchungu. Kisha wakaingia All Saints. Kanisa likawapokea, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wafungwa hao wakaachiliwa.

Na sisi Wapentekoste tulikuwa wapi? Tuseme ukweli: wengi wetu tulishika Warumi 13, tukanyamaza.

Warumi 13 ni Neno la Mungu. Hata 2 Samweli 21 ni Neno la Mungu. Wana wawili wa Rispa waliuawa kwa idhini ya Daudi mwenyewe. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku, mpaka mvua ikanyesha. Habari zikamfikia mfalme, naye akaikusanya mifupa ya wafu. Angalia mpangilio: Mungu alikubali maombi kwa ajili ya nchi baada ya machozi ya mama huyo kumfikia mfalme.

Juni 2024, vijana walipopigwa risasi katika maandamano ya Muswada wa Fedha, mama mmoja alinijia akilia. Mwanawe hakuwa amerudi nyumbani. Nilimsomea Warumi 13. Kijana alirudi salama, lakini jibu langu linanihukumu hadi leo. Mama alihitaji mchungaji wa kuketi naye kwenye mwamba.

Mpendwa, habari nzito ikitokea, usikimbilie mstari unaounga mkono upande wako. Soma Biblia yote. Uliza: nani analia hapa, na Mungu anamtazamaje? Ndipo ufungue kinywa, au mlango.

Baba, utusamehe tulipowafungia wanaolia. Utupe macho ya kumwona Rispa wa mtaa wetu. Katika jina la Yesu, amina.

Kuna mama anayelia jirani yako? Mtembelee wiki hii.