Anwani za makazi ndani ya chipu

Kabla ya Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kumwelekeza mgeni Mbagala ilikuwa kazi kweli: shuka kituoni, ulizia duka la dawa, ukifika mwembeni nipigie. Linux kwenye chipu ndogo za ARM iliishi hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Shida ni hii. Kifaa cha USB ukikichomeka kinajitambulisha chenyewe. Lakini ndani ya chipu ya rauta au simu, vipande vingi havijitambulishi. Chukua AM335x ya Texas Instruments, iliyomo kwenye bodi ya BeagleBone Black: mlango wake wa kwanza wa siriali uko anwani 0x44e09000. Kerneli haiwezi kuulizia mtaani, lazima iambiwe. Basi watu waliziandika anwani hizo ndani ya msimbo wa C wa kerneli yenyewe, bodi kwa bodi. Kila kampuni na faili zake, nyingi zinafanana kama mapacha, na mabadiliko ya huyu yanagongana na ya yule. Machi 2011 Linus Torvalds alichoka, akawafokea watu wa ARM hadharani.

Dawa ilikuwepo tangu zamani. Open Firmware, iliyoanzia Sun na kuwa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, iliieleza mashine kama mti: shina, matawi, na kila tawi na anwani yake. Linux ya PowerPC ilikuwa inautumia tayari. ARM wakaukopa. Maelezo ya bodi yakahamia kwenye faili za .dts, na yale ya chipu yanayotumiwa na bodi nyingi yakawekwa kwenye .dtsi.

Sasa kichekesho: nyumba zikapata namba, lakini mtaa ukabaki mmoja. Faili zote zilirundikwa kwenye arch/arm/boot/dts, mpaka bodi zikapita 1,500. ARM ya biti 64, mdogo wao, ilishazigawa kwa watengenezaji. Kaka mtu alisubiri hadi 2023, Rob Herring alipozihamishia kwenye folda za kampuni katika Linux 6.5. Ile ya BeagleBone ikawa ti/omap/am335x-boneblack.dts.

Mimi nililipia. Nilikuwa natengeneza kipima maji cha simtanki la jirani huku Temeke, kwa bodi ya mkono wa pili na maelekezo ya zamani kutoka kwenye fleshi ya rafiki. Kerneli ilikuwa mpya. Faili haipo! Usiku mbili na bando lote, nikidhani nimepakua vibaya. Kumbe imehama tu.

Herring hakuwa mzembe, jamani. Ukisakinisha, faili zilizokwisha kutafsiriwa bado zinaingia kwenye folda moja kama zamani, ili mifumo ya watu isivunjike. Ila kinga hiyo haifiki kwenye maelekezo yaliyokopiwa 2018, na bodi za biti 32 ndizo tunazoweza kumudu huku. Hata hivyo naona alifanya sahihi. Lile rundo lisingebebeka.

Kwenye karatasi ya maabara ya wadogo zangu wa mwaka wa tatu nimeandika njia zote mbili, ya kabla ya 6.5 na ya baada, na juu kabisa kwa kalamu nyekundu: angalia kwanza toleo la kerneli yako.