Shangazi, tezi na ile X ya Kurasini

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Leo naomba tupige historia, ila nianzie nyumbani, Kurasini.

Miaka ya 2007 na 2008 watu wa jirani na bandari walikuwa wanahamishwa kupisha upanuzi. Wapo waliojipanga wakanunua kwa pamoja ekari 30 kule Chamazi. Shangazi yangu alibaki anaitazama X ukutani, anasubiri. Usiku halali. Baadaye akawa mzito, anasikia baridi Dar hii hii, analia bila sababu. Sote tukasema: mawazo tu hayo.

Kumbe habari ya hofu na tezi ya shingo ni ya zamani. Mwaka 1825 yalichapishwa maandishi ya daktari Mwingereza, Caleb Parry, ambaye alikwishafariki. Alieleza binti wa miaka 21 aliyerushwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu mteremkoni, akashtuka vibaya. Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio na tezi ikavimba. Mwaka 1949 Richard Asher wa London naye akaandika kuhusu wagonjwa 14 waliodhaniwa wamerukwa na akili, kumbe tezi zao zimezorota. Walipopewa dawa ya tezi, wengi walipona.

Leo yanajulikana zaidi. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya TSH kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni hiyo hupanda usiku, hushuka mchana. Msongo wa muda mrefu huongeza kotisoli, na kotisoli ikizidi huibana TSH. Kwa wengi wenye sonona, ule mpando wa usiku hupungua. Ni kama mtu anayepunguza moto wa jiko ili mkaa ufike kesho.

Shangazi alikuja kupimwa damu baada ya miaka miwili. Homoni za tezi zilikuwa chini. Mpaka leo anameza kidonge asubuhi kabla ya chai. Sisemi bomoabomoa ndiyo iliyomharibu tezi. Mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe huishambulia. Ila lile neno letu, "mawazo tu", lilimla miaka miwili.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama kuna mtu hapo nyumbani amezimika, usimwambie ajikaze. Mpeleke akapime. Halafu kaa naye umsikilize, maana hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha X ukutani.

Tuonane tena.