Chaja ya mkondo mdogo (betri za pikipiki)

Chaja ya mkondo mdogo ni kifaa kinachopeleka umeme kidogo sana kwenye betri kwa muda mrefu, ili betri iliyokwisha kujaa isishuke wakati pikipiki imesimama. Hutumika zaidi kwa betri za risasi na asidi za volti 12, aina ambayo hufungwa kwenye pikipiki nyingi za Afrika Mashariki. Makala hii inaieleza kwa kufuata mazingira ya Kaplong, kituo cha biashara katika Kaunti ya Bomet, Kenya, mahali ambapo barabara ya kutoka Bomet hukutana na ile ya Kericho kwenda Sotik na Kisii.

Ulaya na Amerika Kaskazini chaja hizi huuzwa kwa ajili ya majira ya baridi, pikipiki zinapofungiwa kwa miezi kadhaa. Nyanda za chai hazina theluji, na pikipiki ya boda boda hupumzika saa chache tu usiku. Mtu angeweza kudhani kwamba huku chaja ya namna hii haina kazi. Inayo, tena kubwa, ila sababu zake ni nyingine.

Kwa nini betri hushuka ikiwa imesimama

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Inapotoa umeme, bamba zake zote mbili, ile ya risasi na ile ya oksidi ya risasi, hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo ni laini na huyeyuka kurudi ilikotoka. Ikiachwa majuma mengi, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiwezi tena kuziondoa. Ndiyo maana betri mpya kabisa inaweza kufa ikiwa imekaa tu dukani au kwenye kibanda, bila kufanya kazi yoyote. Betri nyingi zinazodaiwa kuzeeka hazikuzeeka; ziliachwa na njaa.

Hata pasipo waya wowote uliounganishwa, betri ya kisasa hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya umeme wake kwa mwezi, na zile za muundo wa zamani hupoteza zaidi. Joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo hukaribia mara mbili. Hapa Kaplong imebahatika: ubaridi wa nyanda za juu huifanya betri iliyosimama idumu kuliko ambavyo ingedumu Kisumu au Mombasa.

Lakini bahati hiyo huliwa na vifaa vilivyoongezwa kwenye pikipiki. Nyingi zilizonunuliwa kwa mkopo hufungwa kifaa cha kufuatilia mahali zilipo, na kifaa hicho hunywa umeme usiku na mchana hata swichi ikiwa imezimwa. Kikinywa miliampea 20, betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu baada ya siku kumi hivi. Mwenye pikipiki akilazwa hospitalini majuma mawili, atarudi akute betri imeisha, na huenda salfeti imeshaanza kukomaa. Kengele za wizi hufanya vivyo hivyo.

Pikipiki zinazohitaji chaja

Kundi la kwanza ni zile zinazosimama kwa muda: za shule wakati wa likizo, za parokia, za maofisa wa ugani ambao hawatoki kila siku, na zile mpya zinazosubiri mnunuzi. Kwa hizi, kuunganisha chaja usiku mmoja kwa wiki kunatosha, au kuiacha muda wote ikiwa ni ya kujidhibiti.

Kundi la pili ndilo husahaulika, nalo ni boda boda yenyewe. Safari zake ni fupi. Hutoka stejini hadi lango la hospitali, au hupanda polepole kwenye tope la barabara ya shambani ikiwa na gunia la majani chai kuelekea kituo cha kununulia, au mitungi ya maziwa asubuhi. Injini ikizunguka polepole, koili haizalishi umeme wa kutosha kulisha taa kubwa, taa ya breki, indiketa na simu ya dereva inayochajiwa hapo hapo. Betri huishi nusu tupu mwezi baada ya mwezi. Na kwa kuwa pikipiki nyingi huwaka kwa kiki, dereva haoni dalili. Kiki huficha ugonjwa hadi siku honi inapokataa na indiketa kugoma. Wengine huamua kuitoa betri kabisa. Huo ni uamuzi mbaya: betri husaidia kutuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya, na bila hiyo balbu huungua ovyo. Usiku mmoja kwenye chaja ndogo, mara moja kwa juma wakati wa mvua za masika, ungeiokoa betri hiyo kwa gharama ndogo mno. Chaja inayokula wati 3 tu ikiwashwa mwezi mzima bila kuzimwa hutumia uniti mbili na kidogo za stima.

Aina mbili zinazofanana kwa sura

Chaja za zamani zina transfoma na rektifaya pekee. Husukuma mkondo ule ule iwe betri imejaa au haijajaa. Mkondo ukiwa mdogo mno madhara huchelewa, lakini hayakosi kuja: maji hupungua, bamba huliwa, na betri zilizofungwa zisizoongezwa maji huvimba.

Chaja za kisasa hufanya kazi kwa awamu. Kwanza hupandisha betri hadi volti 14.4 hivi, kisha hushuka zenyewe na kuishikilia kati ya 13.5 na 13.8. Hiyo ya kushikilia ndiyo kazi inayotafutwa. Katika ubaridi wa nyuzi 15 kiwango kinachofaa ni karibu volti 0.2 juu ya kile cha nyuzi 25, na chaja nzuri hujirekebisha.

Maandishi ya kwenye boksi si ushahidi. Pima mwenyewe: iache chaja usiku kucha kwenye betri nzima, asubuhi weka mita kwenye terminali kabla ya kuizima. Ukikuta zaidi ya volti 14, chaja hiyo itumike kwa saa chache tu na isiachwe bila mtu. Jaribio hili moja lina thamani kuliko jina lolote la kiwanda.

Ukubwa nao una kanuni yake: mkondo wa kuchaji usizidi sana sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Ampea-saa 5 hutaka nusu ampea, na ikiwa tupu itahitaji saa kumi na mbili au zaidi. Hapa ndipo vibanda vya kuchaji betri vilipoharibu nyingi. Kabla ya stima kufika vijijini, watu walibeba betri za magari hadi sokoni zikachajiwe kwa ajili ya televisheni na redio. Fundi aliziunganisha kwa mfululizo, na mkondo uliopita kwenye moja ulipita kwenye zote. Betri ya pikipiki ikiingizwa katika msururu wa betri za gari zinazokula ampea tano, huchemka. Mteja asikubali ichajiwe hivyo.

Stima, radi na jua

Eneo la Kericho linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Chaja iliyoachwa kwenye soketi wakati wa radi iko hatarini, na iko hatarini zaidi stima inaporudi kwa nguvu baada ya kupotea. Gadi ya aina inayotumiwa kwa friji husaidia. Kuchomoa husaidia zaidi. Aidha, chaja duni zisizo na dayodi ya kuzuia huruhusu umeme wa betri kurudi nyuma stima ikipotea, hivyo kifaa cha kuijaza kikawa cha kuimaliza.

Paneli ndogo ya jua hufaa pale pasipo na stima. Hata ya wati 5 hutoa hadi ampea 0.3 jua likiwa kali, na volti zake bila mzigo hupita 20, kwa hiyo lazima ipitie kidhibiti.

Usalama

Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Familia nyingi huingiza pikipiki ndani ya nyumba usiku kwa kuogopa wizi. Katika chumba kilichofungwa chenye jiko linalowaka, kuchaji ni hatari kweli. Itoe betri, uichaji chini ya paa la nje au penye dirisha wazi. Wakati wa kufungua anza na waya hasi. Wakati wa kurudisha anza na chanya. Klipu za chaja ziunganishwe kabla ya kuwasha soketi.

Betri ya kuongezwa maji iongezwe maji yaliyotoneshwa pekee. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati yana uchafu na chembe za chuma, na kuongeza asidi badala ya maji huharakisha kifo. Betri mpya inayouzwa kavu, ikijazwa asidi dukani na kufungwa papo hapo, huanza maisha ikiwa haijajaa. Dai ichajiwe kwanza.

Betri za lithiamu hazimo katika maelezo haya. Zina chaja zake, na chaja za risasi zenye hatua ya kuvunja salfeti huweza kuziharibu.

Betri isiyookoka

Baada ya kuchaji, iache betri saa kumi na mbili bila kuunganishwa, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi ni nzima, 12.2 ni nusu. Inayojaa haraka kisha kushuka chini ya 12 usiku huo huo haitapona, na chaja isiendelee kulaumiwa. Isivunjwe wala kumwagwa shambani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza kudai haki, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliagiza fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, na asidi yake ndani.