Chuma kilivunja amonia kabla ya kuiunda

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie mbolea.

Ukipita Olenguruone, juu huko Mau, wakulima wa majani chai wakiwa wanaweka mbolea, gunia utakaloliona mara nyingi ni NPK 26:5:5. Hiyo 26 ni asilimia ya naitrojeni: gunia la kilo 50 lina kilo 13. Shuleni tulisimuliwa ilikotoka. Mwaka 1909 Fritz Haber aliunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, akapata amonia. Mwaka 1913 Carl Bosch akaanzisha kiwanda Oppau, Ujerumani, kwa kichocheo cha chuma.

Ambacho hatukusimuliwa ni kwamba chuma kilijulikana kwanza kama mvunjaji. Mwaka 1813 Mfaransa Louis Jacques Thénard alipitisha amonia juu ya metali zilizopashwa moto mkali, ikagawanyika kuwa naitrojeni na haidrojeni. Chuma kilizishinda shaba, fedha, dhahabu na hata platinamu. Haber mwenyewe, miaka ya 1904 na 1905, alianza kwa kupima pande zote mbili, na kwenye nyuzi joto kama 1000 aliona karibu amonia yote ikivunjika. Kichocheo hakibadilishi jibu, huliharakisha tu. Sisi waandika programu tunalielewa hilo: kanuni nzuri ya kupanga orodha hufika upesi, lakini orodha ni ileile.

Sasa, naitrojeni ya mashambani huingia kwenye chakula, ikapita tumboni, ikaishia maji taka. Kwa nini tusiimalize kwa chuma cha Thénard? Kwa sababu amonia ya maji taka ni kidogo, imeyeyuka, na ya baridi. Nani atachemsha maji ya mji mzima? Platinamu ikipewa oksijeni hufanya kazi kwa joto la chini zaidi, na imo kwenye ekzosi za malori mapya ya dizeli, lakini ina ukorofi wake: badala ya naitrojeni safi inaweza kutoa oksidi ya naitrojeni inayopasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dayoksaidi.

Waliotatua jambo hili ni bakteria. Mwaka 1977 Engelbert Broda alibashiri, kwa hesabu tu, kwamba lazima wapo wanaogeuza amonia kuwa naitrojeni pasipo oksijeni. Mwaka 1995 watafiti wa Delft, Uholanzi, walichapisha ushahidi wao, na mwaka 2002 Rotterdam ikajenga mtambo wa kwanza mkubwa. Vimeng'enya vyao hufanya kazi kwenye nyuzi 30 hivi, bila tanuri.

Mjini Nakuru maji taka husafishwa kwenye mabwawa, kisha huelekea ziwani. Ziwa Nakuru ni la magadi, pH yake ni kama 10, na hapo sehemu kubwa ya amonia huwa katika ile hali yenye sumu kwa viumbe wa majini. Kiasi ambacho mto wa kawaida ungekivumilia, ziwa hili la heroe haliwezi.