Nusutropiki

Nusutropiki ni kanda mbili za dunia zinazopakana na tropiki, moja upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini. Huanzia Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, takriban digrii 23.4 kutoka ikweta, na kuishia karibu na digrii 35. Wataalamu wengine huzifikisha digrii 40. Neno hili hutumika pia kama sifa, kwa mfano tabianchi ya nusutropiki au matunda ya nusutropiki.

Vipimo

Latitudo peke yake haitoshi kuamua mipaka, kwa kuwa bahari, pepo na mwinuko hubadilisha hali ya hewa. Wladimir Köppen, aliyeanza kuchapisha mpangilio wake wa tabianchi mwaka 1884, alipima kwa joto na mvua. Kwake, mahali ambapo wastani wa mwezi wenye baridi zaidi unashuka chini ya sentigredi 18 si tropiki tena. Mmarekani Glenn Trewartha aliongeza sharti jingine: nusutropiki iwe na miezi 8 au zaidi yenye wastani wa sentigredi 10 kwenda juu.

Sababu na aina

Hewa yenye joto hupaa karibu na ikweta, humwaga mvua huko, kisha hushuka karibu na digrii 30 ikiwa kavu. Mzunguko huo huitwa kwa jina la George Hadley, aliyeandika juu yake mwaka 1735. Ndio unaochangia kuwepo kwa aina ya kwanza, iliyo kavu: Sahara, jangwa la Uarabuni na Kalahari.

Aina ya pili ni ya Mediterania, ambako majira ya joto ni makavu na mvua hunyesha wakati wa baridi: Tunis, Athens, Cape Town na Perth. Aina ya tatu ni nyevu, nayo hupatikana hasa upande wa mashariki wa mabara, kama Shanghai, Durban, Brisbane na Buenos Aires.

Kilimo

Kanda hizi zimeilisha dunia kwa ukarimu mkubwa. Mizeituni, mizabibu, mitende, michungwa na milimau hustawi huko. Mzeituni hauchanui vizuri bila majira ya baridi, na mtende hutaka jua kali na hewa kavu tende zinapoiva. Mnazi na mkarafuu, kwa upande wake, haivumilii jalidi.

Tofauti ya kanda huonekana hata kwenye ganda la chungwa. Usiku wa baridi huondoa ukijani wa ganda, ndiyo maana machungwa ya Hispania hung'aa rangi yake. Machungwa ya Muheza na ya pwani kwa jumla huiva yakiwa bado ya kijani, na utamu wake haupungui kwa sababu hiyo.

Afrika Mashariki

Kwa latitudo, Kenya, Tanzania na Uganda zote zimo ndani ya tropiki. Hata hivyo nyanda za juu zina tabianchi inayohesabiwa kuwa ya nusutropiki ya milimani. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ndiyo mfano maarufu. Chai, yenye asili ya Asia, ilipandwa Limuru mwaka 1903 na baadaye ikaenea Kericho. Lushoto hutoa pichesi na plamu, na Njombe parachichi. Mkulima wa maeneo haya anayechagua mbegu aangalie mwinuko wa shamba lake kwanza, kisha ramani.

Pwani nayo iliunganishwa na nusutropiki kwa biashara: Muscat, huko Oman, iko kaskazini kidogo ya Tropiki ya Kansa. Kwa karne nyingi majahazi yalileta tende za Uarabuni hadi pwani ya Waswahili kwa pepo za kaskazi.

Hali ya sasa

Ongezeko la joto duniani linasogeza ukanda mkavu kuelekea ncha za dunia. Mwaka 2018 Cape Town ilikaribia kufunga mabomba ya maji baada ya miaka 3 ya ukame.